Julie Makani

Julie Makani (alizaliwa mwaka 1970) ni daktari wa magonjwa ya damu na mtafiti kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao wengi huuita pia sikoseli. Amekuwa mhadhiri na mtafiti katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 alianzisha mpango wa kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu. Kundi hilo limekuwa moja kati ya makubwa zaidi duniani yanayofuatiliwa katika kituo kimoja. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Royal Society Pfizer nchini Uingereza kwa kazi hiyo.

Kabla ya mpango huo, karibu kila kilichoandikwa vitabuni kuhusu maisha ya mgonjwa wa selimundu kilitoka Marekani, Ulaya na Jamaika, ingawa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu huzaliwa Afrika. Hukadiriwa kwamba kila mwaka huzaliwa duniani watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu. Tanzania peke yake hukadiriwa kuwa na kati ya 8,000 na 11,000, na hivyo huhesabiwa kati ya nchi tano zenye mzigo mkubwa kabisa, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na India.

Elimu

Makani alisoma katika Shule ya Msingi St Constantine's, Arusha. Masomo ya udaktari aliyafanya Muhimbili, wakati huo ikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1994. Mwaka 1997 alikwenda London kwa ufadhili wa Jumuiya ya Madola kusomea magonjwa ya ndani ya mwili katika Hospitali ya Hammersmith. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kama mtafiti katika Idara ya Tiba ya Nuffield.

Mwaka 2003 shirika la Wellcome Trust lilimpa ufadhili wa miaka minne wa shahada ya uzamivu ili achunguze selimundu nchini Tanzania. Sharti la kazi hiyo lilikuwa nyumbani: wagonjwa walikuwa Dar es Salaam, si Oxford. Ndipo aliporudi Muhimbili na kuanza kuandikisha.

Selimundu ni nini

Chembe nyekundu za damu hubeba oksijeni kwa kutumia protini iitwayo hemoglobini. Maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya protini hiyo yamo katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Kosa la herufi moja tu katika jeni hiyo huifanya asidi amino moja, glutamati, ibadilishwe na nyingine iitwayo valini. Hemoglobini inayopatikana huitwa hemoglobini S, na ile ya kawaida huitwa hemoglobini A.

Hemoglobini S ikishatoa oksijeni, molekuli zake hushikamana na kuunda nyuzi ndefu ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa mviringo na laini hugeuka kuwa ngumu na kupinda kama mundu, na hapo ndipo jina la ugonjwa lilipotoka. Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu isipite. Matokeo yake ni maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo, na wakati mwingine kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Aidha chembe hizo huvunjika mapema. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, bali iliyo na hemoglobini S huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu wa kudumu na macho ya manjano. Wengu nao, ambao ni kinga muhimu dhidi ya bakteria, huharibika mapema utotoni.

Jinsi unavyorithiwa

Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni ya hemoglobini, moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S huandikwa AS. Huyo ni mbebaji, kwa kawaida haumwi, na wengi hawajui kabisa kwamba ni wabebaji. Mwenye nakala mbili za S, yaani SS, ndiye mgonjwa.

Wazazi wawili wa AS wakizaa, kila ujauzito una uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto SS, nusu wa kupata AS, na robo wa kupata AA. Neno la kuzingatia hapa ni "kila". Wapo wazazi wanaodhani kwamba wakishampata mtoto mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo: bahati nasibu huanza upya kila mimba inapotungwa, na familia inaweza kupata watoto watatu SS mfululizo au isipate hata mmoja. Vilevile mtoto SS hawezi kupatikana kwa mzazi mmoja pekee. Familia nyingi humtupia mama lawama peke yake, lakini kibaiolojia nusu ya jeni hizo imetoka kwa baba.

Pwani, ziwa na nyanda za juu

Jeni ya S haikuenea sawasawa Afrika Mashariki. Aliyelieleza jambo hili kwanza kwa ushahidi mzito ni Anthony Allison (1925–2014), mwanasayansi aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia kwenye shamba huko Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alishiriki msafara wa kwenda Mlima Kenya na akakusanya sampuli za damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana kwenye nyanda za juu na maeneo makavu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Alirudi mwaka 1953 kufanya utafiti zaidi, na mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mbebaji AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni inayoua watoto SS haikutoweka.

Kwa hoja hiyo inaeleweka kwa nini miteremko ya Mlima Meru, ambako baridi huzuia mbu wa malaria wasistawi, haikuwa mahali pa kawaida pa ugonjwa huu kwa wenyeji wa siku nyingi. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Lakini jeni husafiri pamoja na watu. Kata za jiji kama Elerai zina wakazi waliotoka mikoa mingi, ikiwemo Kanda ya Ziwa na pwani, na mtoto wa wazazi hao anayezaliwa Arusha ana uwezekano uleule ambao angekuwa nao kama angezaliwa Musoma au Tanga. Mahali alipozaliwa mtu hapasemi lolote kuhusu damu yake. Wazazi wake ndio wanaosema.

Kundi la Muhimbili

Wazo la Makani lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: kila mgonjwa anayefika kliniki ya selimundu Muhimbili athibitishwe kwa kipimo cha maabara, apewe namba, achukuliwe historia na vipimo vya damu, kisha afuatiliwe mwaka hadi mwaka, awe mzima au amelazwa. Asipoonekana kliniki, atafutwe. Bila hatua hiyo ya mwisho, aliyekufa nyumbani huonekana katika karatasi kama mtu aliyeacha tu kuja.

Matokeo ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la PLoS ONE. Yalihusu wagonjwa 1,725 walioandikishwa kati ya 2004 na 2009. Katika muda huo 86 walifariki na 209 walipotea wasijulikane walipo. Kwa jumla vifo vilikuwa 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, maana yake ni kwamba wagonjwa 100 wakifuatiliwa kwa mwaka mmoja, karibu wawili hufariki. Lakini wastani huo ulificha jambo. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 kiwango kilikuwa 7.3, karibu mara nne ya wastani. Dalili mbili za maabara zilionekana kuambatana na kifo: hemoglobini iliyo chini ya gramu 5 kwa desilita, na kiwango kikubwa cha bilirubini, rangi ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu.

Takwimu hizi husomwa vibaya mara nyingi. Mtu anaweza kusema kwamba mambo si mabaya kama ilivyodhaniwa, kwa kuwa kwa Afrika nzima hukadiriwa kwamba kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto SS hufariki kabla ya kufikisha miaka 5. Tofauti iko katika mlango wa kuingilia. Nchini Jamaika kundi maarufu la utafiti lilianzia wodi ya uzazi: kati ya 1973 na 1981 watoto 100,000 waliozaliwa Hospitali ya Victoria Jubilee mjini Kingston walipimwa, na waliokutwa na ugonjwa wakafuatiliwa tangu siku ya kwanza. Kundi la Muhimbili lilianzia kliniki. Ili mtoto ahesabiwe, ilibidi kwanza aishi hadi apate dalili, wazazi wake wamfikishe hospitali, na daktari atambue anachougua. Mtoto aliyekufa kwa homa akiwa na miezi minane, bila kupimwa, hayumo katika hesabu. Kwa hiyo 7.3 ni kiwango cha wale waliobahatika kufika.

Jambo hilo ndilo lililoelekeza sehemu kubwa ya kazi iliyofuata: kumtambua mtoto kabla ugonjwa haujamtambulisha.

Malaria na bakteria

Kwa kuwa mbebaji AS hukingwa na malaria, baadhi ya watu walidhani mgonjwa SS hukingwa zaidi, na wengine walidhani malaria ndiyo inayowaua wagonjwa wengi. Makani na wenzake walilichunguza suala hilo Muhimbili na kuchapisha matokeo mwaka 2010 katika jarida la Blood. Wagonjwa wa selimundu walikutwa na vimelea vya malaria mara chache kuliko watu wasio na ugonjwa, kliniki na wodini pia. Hata hivyo mgonjwa SS aliyekuwa na vimelea alikuwa katika hatari kubwa ya kuishiwa damu na kufa. Kwa maneno mengine, malaria humpata kwa nadra, lakini ikimpata humwangusha. Ushauri wa kumkinga mgonjwa na malaria ukabaki palepale, safari hii ukiwa na ushahidi wa Tanzania.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulipitia matukio 890 ya wagonjwa kulazwa ili kuona ni mara ngapi walikuwa na bakteria kwenye damu. Vitabu vya nchi za Magharibi humtaja zaidi bakteria aitwaye pneumokoka. Muhimbili waliotokea zaidi walikuwa stafilokoka na salmonela. Waliokuwa na bakteria walikuwa pia na hemoglobini ya chini. Matokeo hayo hayaondoi haja ya penisilini na chanjo kwa watoto wadogo, kwani wagonjwa waliolazwa hospitali ya rufaa hawawakilishi watoto wote, lakini yanaonyesha kwamba si busara kunakili mwongozo wa ng'ambo bila kupima nyumbani.

Hemoglobini ya kijusi

Mtoto akiwa tumboni hategemei sana hemoglobini A wala S. Hutumia zaidi aina nyingine, hemoglobini F, ambayo huvuta oksijeni kwa nguvu zaidi kutoka damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa, uboho wa mifupa huacha polepole kuitengeneza na kuanza kutengeneza ile ya utu uzima. Hii ndiyo sababu mtoto SS huonekana mzima kabisa katika miezi ya kwanza, na dalili, mara nyingi kuvimba kwa mikono na miguu, huanza anapokaribia nusu mwaka. Daktari Janet Watson wa New York alilitambua jambo hili mwaka 1948.

Watu wachache huendelea kutengeneza hemoglobini F kwa kiasi kikubwa hata ukubwani, na wakiwa na selimundu ugonjwa wao huwa mwepesi zaidi, kwa kuwa hemoglobini F huzuia nyuzi za hemoglobini S zisiungane. Swali la kijenetiki likawa: ni nini katika DNA kinachoamua nani ataendelea na nani ataacha?

Kundi la Muhimbili lilikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, kwa kuwa lilikuwa na wagonjwa wengi ambao kiasi chao cha hemoglobini F kilishapimwa. Mwaka 2011 Makani, pamoja na watafiti wa London akiwemo Swee Lay Thein, walilinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. Mwaka 2014 Siana Nkya, mwanajenetiki wa Tanzania, aliongoza utafiti uliopekua jenomu nzima ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Muhimbili. Maeneo mawili yalithibitika: jeni ya BCL11A kwenye kromosomu ya 2, na eneo lililo kati ya jeni za HBS1L na MYB kwenye kromosomu ya 6. Hili la pili lilishaonekana kuwa na nguvu kubwa kwa watu wa Ulaya, lakini mabadiliko yale yenye nguvu ni nadra zaidi kwa Waafrika. Kipimo kilichobuniwa kwa damu za Ulaya tu kingewapotosha madaktari wa hapa.

BCL11A hufanya kazi kama swichi inayozima hemoglobini F baada ya kuzaliwa. Tiba ya uhariri wa jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huohuo huharibu swichi hiyo ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe, ili hemoglobini ya utotoni irudi. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wa Dar es Salaam waliotoa damu zao walisaidia kuthibitisha kwamba swichi hiyo inafanya kazi vilevile kwa Waafrika. Dawa yenyewe bado iko mbali nao.

Uzazi, ujauzito na watoto wachanga

Wasichana wenye selimundu wakifikia utu uzima hutaka kuzaa kama wengine. Ujauzito kwao ni mtihani mkubwa, kwa sababu damu iliyo pungufu hulazimika kuwatosha wawili na maumivu huongezeka. Projestine Muganyizi na Hussein Kidanto, madaktari wa uzazi wa Muhimbili, walipitia kumbukumbu za wanawake waliojifungua hospitalini hapo katika miaka kadhaa kati ya 1999 na 2011. Walipata 149 wenye selimundu, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alifariki. Walionyesha pia kwamba idadi ya wajawazito wa aina hiyo ilikuwa ikiongezeka. Ongezeko hilo lina sura mbili: wasichana wengi zaidi wanaishi hadi umri wa kuzaa, na wodi za uzazi lazima ziwe tayari kuwapokea.

Kwa wabebaji AS hali ni tofauti. Ujauzito wao kwa kawaida hauna shida, na swali lao ni juu ya mtoto. Kipimo cha damu kabla ya ndoa kinaweza kuwaambia wachumba wote wawili hali yao. Baadhi ya viongozi wa dini na jamii huhimiza kipimo hicho, na wachumba wengine huachana baada ya majibu. Washauri wa jenetiki husisitiza kwamba kazi ya kipimo ni kutoa taarifa, wala si kukataza ndoa. Wengine huoana wakijua, na kujiandaa kumpima kila mtoto mapema.

Kumpima mtoto mchanga si rahisi kama kumpima mtu mzima. Kipimo cha zamani, ambapo damu hunyimwa oksijeni ili kuona kama chembe zitapinda, hakifai kwa mtoto wa siku chache kwa kuwa damu yake bado imejaa hemoglobini F. Inahitajika mashine inayotenganisha aina za hemoglobini, au vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyofanana kwa umbo na vile vya malaria. Damu huchukuliwa kwenye kisigino.

Katika mpango wa majaribio uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2015 na 2016, watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa. Takriban 0.8% walikuwa na selimundu, na karibu mmoja kati ya wanane alikuwa mbebaji. Kugundua tu hakutoshi. Lazima mama aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani apatikane tena kwa simu, aelezwe habari ambayo hakuitarajia kuhusu mtoto anayeonekana mwenye afya, na ashawishike kumleta kliniki kila mwezi. Faida yake imejulikana tangu 1986, pale jaribio la Marekani lilipoonyesha kwamba penisilini inayotolewa kila siku hupunguza maambukizi ya pneumokoka kwa watoto hawa kwa 84%. Penisilini ni dawa ya bei nafuu. Kinachogharimu ni kumjua wa kumpa.

Matibabu

Dawa kuu ya kupunguza makali ya ugonjwa ni haidroksiurea, ambayo huongeza hemoglobini F. Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika walisita kuitumia kwa watoto wakihofia kwamba ingeongeza malaria. Jaribio lililofanywa katika nchi nne, likiwa na vituo Kilifi (Kenya) na Mbale (Uganda) pamoja na Angola na Kongo, lilitoa majibu mwishoni mwa 2018: watoto waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, malaria chache, waliongezewa damu mara chache na vifo vilipungua. Upandikizaji wa uboho unaweza kuponya kabisa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuufanya kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, ila unahitaji ndugu mwenye vinasaba vinavyolingana na gharama yake ni kubwa.

Ushirikiano wa Afrika

Makani ni mmoja wa waanzilishi wa Taasisi ya Selimundu Tanzania, inayohusika na elimu kwa umma na utetezi wa wagonjwa. Kuanzia 2017 aliongoza SPARCO, muungano wa utafiti wa selimundu ulioanza na Tanzania, Ghana na Nigeria kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, makao yake yakiwa MUHAS. Nchini Nigeria kazi imeongozwa na Obiageli Nnodu wa Abuja, na kituo cha kuratibu takwimu kiliwekwa Cape Town chini ya Ambroise Wonkam. Rejista ya pamoja ilivuka wagonjwa 10,000, na baadaye nchi nyingine zikajiunga, zikiwemo Uganda na Zambia.

Kabla ya kuunganisha rejista, nchi hizo zilipaswa kukubaliana juu ya mambo yanayoonekana madogo: "homa" ianzie nyuzi ngapi, "maumivu makali" ni yapi, mgonjwa asiyeonekana kwa miezi mingapi ahesabiwe amepotea. Pasipo makubaliano hayo, takwimu za Kumasi na za Dar es Salaam zisingeweza kujumlishwa.

Tuzo

Mbali na tuzo ya Royal Society Pfizer ya mwaka 2011, Makani aliorodheshwa na BBC mwaka 2019 kati ya wanawake 100 wenye ushawishi duniani. Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa kila tarehe 19 Juni, na kliniki nyingi hutumia siku hiyo kupima damu za watu wasiojua kama ni wabebaji.